Tenzi za babu ndani ya kompyuta inayolia: jibu kwa mwalimu wa Langoni

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa madrasa, naishi Langoni, Lamu. Nina laptopu ya Windows 7 niliyoinunua mwaka 2011. Ndani yake mna tenzi na kasida za marehemu babu, nilizozichapa kwa miaka sita, kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini. Mna pia picha, video za Maulidi na hesabu za madrasa. Siku hizi inalia tik-tik na kuganda. Mwanangu aliyeko Mombasa ameniletea mpya ya Windows 11. Kijana mmoja amenishauri ninakili diski C yote niibandike kwenye mpya. Mwengine asema atachomoa diski ya zamani aitie ndani ya mpya. Nifuate la nani? Nataka nikiifungua hiyo mpya niikute kama ile niliyoizoea.

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Usifuate la yeyote kati yao, na kabla hujamaliza kusoma hapa, izime hiyo kompyuta ya zamani. Mlio huo mara nyingi ni wa kichwa cha diski kinachotafuta mahali pa kusoma kisipaone. Diski ya namna hiyo huenda ikaishi mwaka, huenda isiamke kesho asubuhi. Usiiwashe tena mpaka uwe na mahali pa kunakilia. Na mtu asikupitishie programu ya kurekebisha diski, ambayo mafundi wengi hupenda kuanza nayo: huisomesha diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski iliyochoka hufia njiani.

Ukiiwasha, anza na tenzi. Picha zingoje, video zingoje. Maandishi hayana uzito: beti elfu moja kwenye Word hazijazi megabaiti moja, na kuzinakili ni kazi ya dakika chache hata kwa diski inayokoroma. Zitie kwenye flashi mbili tofauti, kisha mtumie mwanao kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Hapo una nakala tatu, na moja imeshavuka Mokowe kwenda bara. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu ilipopigwa picha, nakala za picha hizo ziliwekwa pia kwenye Maktaba ya Uingereza kule London. Za babu yako nazo zisilale nyumba moja.

Sasa hao vijana wako. Yule wa kwanza anadhani programu ni kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja, kama sufuria kabatini. Word ukiisakinisha hutawanya vipande vyake: vingine kwenye folda ya programu, vingine ndani ya folda ya Windows yenyewe, na mistari mingi huandikwa kwenye daftari kuu la mashine, liitwalo rejista. Windows husoma daftari hilo kujua programu gani ipo, iko wapi na ina leseni gani. Ukinakili folda peke yake ni kama kung'oa mlango wa nakshi wa nyumba ya mtaa wa Mkomani ukauegemeza kwenye ukuta usio na tundu. Mlango upo, ila hakuna pa kuingilia.

Yule wa pili ana hoja zaidi, kwa kuwa diski ikihama nzima na rejista imehama nayo. Lakini diski yako ni ile ya inchi mbili na nusu, na laptopu nyingi za sasa hazina hata nafasi ya kuipokea. Diski zao ni kibao chembamba kama kipande cha chingamu. Windows 7 nayo haijui kusema na vibao hivyo, wala na matundu ya USB ya kisasa, bila kuongezewa vipande ambavyo haikuzaliwa navyo. Leseni iliyokuja na mashine imefungwa na mashine ile ile. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020. Utakuwa umeletewa jahazi jipya ukalipigilia mbao za lile lililotoboka.

Windows 7 ilikuja na chombo chake cha kuhamishia, Windows Easy Transfer, lakini Windows 10 ilipotoka ilikiacha. Zipo programu za kulipia zinazoahidi kuhamisha kila kitu. Nyingine hufanya kazi vizuri, ila zinataka diski yenye afya, na yako haina.

Kwa hivyo programu zitasakinishwa upya kwenye mpya, moja moja. Kinachohama ni kile kilicho chako. Ugumu ni kwamba nusu ya vilivyo vyako huvioni.

Vinavyoonekana havina kazi. Ndani ya C, kwenye folda ya Users, mna folda yenye jina lako, na humo mna Desktop, Documents, Pictures, Videos na Downloads. Chukua zote. Kisha rudi utazame C yenyewe, na D kama ipo, maana watu wa miaka ile walikuwa na mazoea ya kufungua folda popote. Sijapata kufungua kompyuta ya mwalimu nisikute "Madrasa", "Madrasa mpya" na "Madrasa mpya kabisa" mahali patatu tofauti, na ile ya kweli ni ya pili.

Visivyoonekana vimo kwenye folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha. Bonyeza Start, andika %appdata% kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Enter. Ikifunguka, ingia Microsoft, kisha UProof, utakuta faili iitwayo CUSTOM.DIC. Kila mara Word ilipoipigia "ndia" (njia) mstari mwekundu nawe ukaiamuru iongeze neno hilo, humo ndimo lilimoandikwa. Ndia, nti, mtele, mato: miaka sita ya kuifundisha mashine Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, imo kwenye faili moja ndogo, unaweza hata kuifungua kwa Notepad ukaisoma. Ukiiacha, Word mpya itakuona mtu asiyejua kuandika.

Jirani ya UProof pana folda ya Office, yenye faili zinazoishia na .acl. Hizo ndizo zinazogeuza maneno papo hapo. Kama ulikuwa ukiandika "saw" na Word ikamalizia Sallallahu alayhi wasallam, siri ni hiyo. Chukua pia Normal.dotm iliyo ndani ya folda ya Templates, ndiyo iliyoshika mitindo ya kurasa zako. Kwenye mpya, zirudishe mahali pale pale Word ikiwa imefungwa, la sivyo itaziandika upya juu yake.

Kwenye kibodi ndipo nilipowahi kuungua mimi mwenyewe, basi nivumilie nirefushe.

Miaka kadhaa nyuma nilimhamishia kompyuta mzee mmoja aliyekuwa akichapa kasida. Nilichukua nyaraka, picha na fonti, nikajisifu, nikaifuta diski ya zamani. Siku ya pili akanipigia simu: "Fundi, cha haipatikani." Kibodi yake alitengenezewa na mtu aliyekuwa ameshahama, nayo ilikuwa na پ, چ na ڤ mahali vidole vyake vilipopajua. Mimi nilidhani kibodi ya Kiarabu ni moja. Tulikaa jioni nne tukiijenga upya herufi kwa herufi; namwuliza kidole kilikuwa kikienda wapi, naye afumbe macho ndipo akumbuke. Diski ile ningekuwa sijaifuta, ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kibodi ya Kiarabu inayokuja na Windows imepangwa kwa lugha ya Kiarabu, ambayo haina pa, cha wala va ya kwetu. Kwa hivyo mtu anayechapa Kiswahili kwa hati hiyo kwa miaka, mara nyingi ana kibodi ya kutengenezwa. Kama yako ni ya aina hiyo, huihamishi kwa kuburuta. Ni faili iliyojificha ndani ya folda ya Windows pamoja na mistari yake kwenye rejista. Tafuta kwanza kama una folda yake ya kusakinishia, yenye setup.exe na vifolda vilivyoitwa i386 na amd64, au faili yoyote inayoishia na .klc. Ukiipata umepona, unasakinisha kwenye mpya na kazi imekwisha.

Usipoipata, Microsoft wana programu ya bure iitwayo Keyboard Layout Creator. Ipakue kwenye mpya, ilete kwa flashi, uisakinishe kwenye ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo yenye kibodi yako tumboni. Menyu ya kwanza ina amri ya kupakia kibodi iliyopo. Chagua yako, ihifadhi kama faili ya .klc, kisha iamuru iunde kifurushi cha kusakinisha. Kifurushi hicho Windows 11 inakikubali. Ukishakisakinisha, zima na uwashe ndipo kibodi ijitokeze. Fanya hivi mara tu tenzi zikishakuwa salama, kabla hujagusa video hata moja. Na kwa kuwa diski haina amana, fungua ile kibodi ya kwenye skrini uipige picha kwa simu, mara moja ikiwa kawaida na mara moja ukiwa umeshika Shift.

Fonti nazo zina vituko vyake. Huenda ulichapa kwa Traditional Arabic, iliyokuwamo ndani ya Windows 7. Kwenye Windows 11 huikuti mpaka uiongeze mwenyewe: ingia mipangilio, tafuta vipengele vya hiari, ongeza kifurushi cha fonti za ziada za hati ya Kiarabu. Usipofanya hivyo Word itaweka fonti nyingine bila kukuuliza. Maneno yatasomeka, lakini upana wa herufi si ule, na vile vipande vinne vya ubeti ulivyovipanga vikalingana vitabanana kama mashua gatini siku ya Maulidi. Usianze kuvipanga upya kwa mkono! Ongeza fonti kwanza, vitarudi vyenyewe.

Kama fonti ulipewa na mtu, ingia C:\Windows\Fonts uinakili kutoka huko. Halafu fanya jaribio hili moja: nakili ubeti kutoka Word, ubandike kwenye Notepad, na fonti ya Notepad iwe Arial. Ukiusoma vizuri, maandishi yako yanafuata Yunikodi, utaratibu mmoja wa kompyuta zote wa kutambua herufi, na fonti yoyote ya Kiarabu yenye herufi hizo itayasoma. Ukiona michoro isiyo na kichwa wala miguu, maana yake fonti hiyo peke yake ndiyo inayojua ulichoandika, na ikipotea tenzi zimepotea hata kama faili zipo. Ikiwa hivyo, fonti hiyo ihifadhi kama unavyohifadhi hati ya nyumba, na utume nakala ya kila utenzi ikiwa PDF.

Turudi kwenye kunakili. Nunua diski ya nje, usitegemee flashi kwa mzigo mzima. Hakikisha imepangwa kwa mfumo wa exFAT au NTFS. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ndefu ya Maulidi hupita hapo bila shida. Utaambiwa faili ni kubwa mno huku unaona nafasi tele. Laptopu ya mwaka 2011 huenda ina matundu ya USB 2.0 tu, ambayo kwa kweli hutoa megabaiti 30 hivi kwa sekunde. Tuseme una gigabaiti 80: ni kama dakika 45 kwa diski yenye afya, na kwa diski inayosuasua ni jioni nzima. Betri ya laptopu ya umri huo kwa kawaida imekufa, na umeme wetu unaujua. Ndiyo maana sipendi watu waburute folda kubwa kwa kipanya: umeme ukikatika katikati, hujui kilichopita na kilichobaki.

Fungua ule ukurasa mweusi wa amri, kwa kuandika cmd kwenye Start, kisha uandike mstari huu. Weka jina la folda yako, na kama diski ya nje si E, badilisha herufi:

robocopy "C:\Users\jina" "E:\zamani" /E /XJ /R:1 /W:1

Umeme ukikatika, rudia mstari ule ule. Utaruka vilivyokwisha nakiliwa na kuendelea na vilivyobaki. Hiyo /E ni ya kuchukua folda zilizo ndani ya folda. Hiyo /XJ ni muhimu, kwa sababu Windows 7 ina njia za mkato za siri zinazojirudia, na bila kuizuia robocopy itazunguka humo kama mgeni aliyepotea vichochoroni Mkomani. Na /R:1 ndiyo itakayoiokoa diski yako: bila hiyo, robocopy ikikuta faili isiyosomeka hurudia mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Sikutanii, ndivyo ilivyopangwa kiwandani. Faili mbovu iruke, usiue diski kwa ajili ya picha moja. Faili chache za AppData zinazotumika wakati huo nazo zitakataa, usizijali. Zile za Word ulizozihitaji ulishazichukua kwa mkono.

Kabla hujamimina mzigo huo kwenye mpya, kuna mambo mawili ya Windows 11 yatakayokugusa mfukoni na moyoni.

La mfukoni ni OneDrive. Ulipoianzisha mpya kwa barua pepe yako, huenda Desktop, Documents na Pictures zimeshaunganishwa na ghala la Microsoft la intaneti. Ukimwaga humo gigabaiti 80, itaanza kuzipandisha moja kwa moja kwa bando lako mpaka liishe, na ghala la bure ni gigabaiti 5 tu, basi hata haitamaliza. Zima kwanza uhifadhi wa folda hizo kwenye mipangilio ya OneDrive, kisha ndio unakili. Baadaye, ukitaka, irudishie folda ya tenzi pekee. Hiyo ni nyepesi na inafaa kuwa huko. Wala usishangae folda yako mpya kuitwa kwa herufi tano za mwanzo za barua pepe yako badala ya jina lako. Ni tabia ya Windows. Lakini kama faili za hesabu za Excel zilikuwa zikiitana kwa anwani nzima ya folda, viungo hivyo itabidi uvielekeze upya.

La moyoni ni ufunguo. Diski yako ya zamani, mashine ikifa leo, naichomoa, naiunganisha kwa kebo na kompyuta nyingine, nayo inasomeka. Mpya haiko hivyo. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa msimbo mara unapoingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo wake ni tarakimu 48 zinazohifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ubao mkuu ukiungua, au ukibadilishwa, mashine inaweza kukudai tarakimu hizo. Nimeona watu waliofunguliwa akaunti na kijana wa dukani kwa barua pepe ya kubuni, wala nywila hawaijui. Hapo mimi ni wa kuomba dua tu. Ingia kwenye akaunti yako leo, utafute ufunguo wa kufungulia diski, uuandike kwenye daftari la karatasi. Na jua kwamba ile hali ya kuishi miaka yote hiyo bila nakala nyingine kwa kuwa "fundi ataichomoa diski" imekwisha.

Yaliyobaki ni mepesi. Kwenye Chrome ya zamani toa orodha ya kurasa ulizohifadhi iwe faili, na nywila vilevile. Ukishaziingiza kwenye mpya, ifute hiyo faili ya nywila, maana kila mtu anaweza kuisoma. Mazungumzo ya WhatsApp yako kwenye simu, hayakuhusu hapa. Printa isakinishe upya kwa programu ya mtengenezaji wake. Office yako, kama ni ya 2010, nayo iliachwa mwezi Oktoba 2020. Ukikosa fedha ya mpya, LibreOffice ni ya bure na hati ya Kiarabu inaiweza, ila kamusi yako itabidi uiingizie maneno kwa mkono, kwa sababu haisomi mipangilio ya Word. Kwa kazi yako ningekaa na Word.

Diski ya nje ukimaliza usiiache mezani. Hewa ya hapa ina chumvi, nimebadilisha midomo mingi zaidi ya USB iliyooza kuliko nilivyobadilisha skrini. Itie kwenye mkebe wenye mfuniko unaoshika, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Na usiifute ile ya zamani, wala usimpe mjukuu aichezee, mpaka umeishi na mpya mwezi mzima. Linganisha kwanza idadi ya faili: bofya folda kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake, huku na kule. Kisha fungua utenzi mrefu kuliko zote, shuka hadi ubeti wa mwisho, na chini yake uchape "vipande vya cheche" kwa hati ya Kiarabu. Herufi zikitoka kama za juu yake, ufute mstari huo na uendelee na kazi. Zisipotoka, usizime wala kufuta chochote kwenye mpya. Niletee mashine zote mbili baada ya Alasiri, ya zamani ikiwa imezimwa, na zikibebwa kwa punda basi ziwe ndani ya kikapu chenye nguo, si juu ya mifuko ya simiti.